Nyota Moja

Kadi ni ya kijani, ina miraba mitano.
Kitabu kikisomwa, mwalimu hubandika nyota.
Nyota tano zikitimia, mtoto huja kwangu
nami humpa piza yake, isiyozidi kisahani cha chai,
jina lake nimeliandika kwa jibini.

Ndiyo kazi yangu tangu Oktoba hadi Machi
hapa Vesterly, Dakota ya Kaskazini,
nyuma ya kituo cha mafuta, penye tanuri,
mahali pekee mjini ambapo madereva wa malori
huvua glavu bila kulazimishwa.

Ijumaa, basi la shule likishawatema,
ni bandika bandua.
Wanaingia na theluji kwenye nyusi,
kadi zimekunjwa, zimelowa, moja imetafunwa na mbwa.
(Niliipokea. Meno hayafuti nyota.)

Brielle Haugen hula piza mbili kwa mwezi.
Siri yake alinipa bila kuulizwa:
huchagua vitabu vya kurasa kumi na sita,
bata mkubwa, maneno machache.
"Bata ni bata," asema, mchuzi kidevuni,
nami sina la kumjibu,
maana piza nayo ni piza.

Emmett Skogen kadi yake ni nyeupe kwa ndani, tupu.
Huja tu kwa sababu mama yake, Janelle,
ndiye anayepokea pesa za petroli hadi saa kumi na mbili.
Huketi juu ya kreti la soda karibu na moto,
kitabu magotini, kidole chini ya neno.
Midomo hutangulia, sauti hufuata,
kama mtu anayeijaribu barafu ya ziwa kwa mguu mmoja
kabla ya kuukabidhi wa pili.

Kitabu ni kinene. Kurasa mia tatu kumi na mbili.
Meli imenaswa kwenye barafu, mabaharia wanachemsha viatu.
Bi. Lindquist alimshauri achukue cha bata.
Alikichukua, kwa adabu,
akakirudisha hakijafunguliwa.

Novemba: nahodha bado anaandika daftari lake.
Desemba: mpishi wa meli amekufa,
na Emmett hakusema na mtu mpaka Jumatatu.
Januari, baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri,
akainua kichwa:
"Arlys, hapa wamekata tamaa.
Wameikata kwa nini? Kwa kisu?"
Mkono wangu ukasimama ndani ya unga.
Nikasema, hapana, hukatika yenyewe,
mara nyingi jioni.
Akatikisa kichwa, akarudisha kidole mahali pake.

Februari nikafanya kosa la mtu mwema.
Nilimwokea piza, EMMETT, herufi zote sita,
nikaiweka magotini pake juu ya kitabu.
Aliitazama. Akainyanyua kwa mikono miwili,
akanirudishia.
"Sijamaliza. Bado wamo."
Ikapoa kati yetu.
Janelle aliila baadaye, amesimama,
akinipa mgongo.

Ijumaa ya mwisho ya Machi, mpango unafungwa,
Brielle ana piza kumi na moja na jino limemng'oka.
Watoto walipokwisha, Emmett akaisukuma kadi juu ya kaunta.
Nyota moja. Imebandikwa upande.
"Walitoka?" nikauliza.
"Baadhi."
Kisha akasema, kama mtu aliyepiga hesabu njia nzima:
"Nyota moja ni sehemu moja ya tano. Nikatie."

Jaribuni ninyi kuikata piza ya kisahani mara tano sawasawa.
Nilikosea mara mbili. Hakunicheka.
Alikula kipande chake polepole, kama asomavyo,
akahakikisha hakuna kilichorukwa,
akafuta vidole, akaenda kumngoja mama yake garini.

Vipande vinne vimebaki ubaoni.
Kwenye kreti kimebaki kitabu;
ni cha maktaba, kirudi tarehe kumi.
Nimezima tanuri. Miwani yangu ina unga.
Nimefika ukurasa wa kumi na tisa.
Mpishi bado yu hai,
anawapikia maharagwe, anapiga mluzi.