Mabakuli ya Bi Shinuna

Yalikuwa kumi na matatu tulipoyahesabu,
chini ya dirisha la jikoni, Mabela,
nyumba ya tatu ukitoka msikitini, geti la kijani:
la kaure lenye ua, la plastiki la Umm Haitham,
langu la bati, lililobonyea ubavu.
Yote yameoshwa, yamekaushwa, yamefunikwa kitambaa
kama watoto waliolazwa mchana.

Sabla ilikuwa imeshakaa.
Wanaume walikunywa kahawa, wakatikisa vikombe, wakaamua:
kiti cha magurudumu,
mtu wa kumwogesha,
zamu ya chakula, nyumba kwa nyumba, Jumamosi hadi Ijumaa.
Mwenyewe hakuulizwa.
Alikuwa upande wa pili wa ukuta
akisikiliza vikombe vikigongana.

Tukampelekea. Mungu shahidi, tulimpelekea:
harisi, wali wa nazi, mchuzi wa papa,
mbaazi za Ijumaa zilizolala na tui.
Naye akazidi kukonda.
"Nimeshiba, mwanangu," husema mlangoni,
mkono mmoja ukutani, wanja machoni,
mtandio umefungwa barabara,
na paka wa mtaa wananenepa.

Ruqayya, anayesomea udaktari, alisema ni maradhi ya kusahau.
Mwanawe alipiga simu kutoka Abu Dhabi, akasema ni ukaidi.
Mimi nilisema ni joto; Julai hii
hata kunguru wanatembea kwa miguu.

Nikamwuliza siku moja, kwa Kiswahili,
maana Kiarabu chake sasa huja na kukatika
kama umeme wa Wete alikozaliwa:
"Bi Shinuna, mbona bakuli langu hulirudishi?"
Akaangalia vidole vyake.
"Nitalirudisha na nini?"

Basi.
Nikakaa pale pale, juu ya vigae.
Mama aliniambia haya kabla sijajua kujifunga kanga:
chombo cha jirani hakirudi kitupu,
hata kwa ndimu moja, hata kwa chumvi ya kufumba mkononi.
Na sisi, kwa huruma zetu, kwa zamu zetu,
tulikuwa tukimfukia.
Kila kifuniko alichofunua kilimwambia: unadaiwa.

Kesho yake sikupeleka wali. Nilipeleka mchele,
kilo tano, wa gunia, wenye mawe.
Nikasema, Bibi, macho yangu yameharibiwa na simu,
nichambulie.
Akaweka sinia mapajani, akafumba yake,
yasiyoona sana hata yakiwa wazi,
na vidole vikaanza kutembea.
Jiwe. Pumba. Jiwe.
"Nani kakuuzia uchafu huu?"
Nikaisikia ile sauti
iliyowahi kusimamia masufuria ya harusi ya watu mia nne.

Umm Haitham akaleta iliki za kumenya.
Yaarub, kijana aliyetumwa kuleta kile kiti,
akaja na kofia aliyoanza kuishona, nyuzi zimemtatiza,
akasutwa kwa upole alasiri nzima, akafumua, akashona tena.
Ruqayya akaja na sufuria tupu na swali:
tui zito hutiwa lini?

Kiti kipo. Hakalii.
Kinakaliwa na gunia la mchele.
Nakato humwogesha, mlango umefungwa,
na anayesema maji yawe moto kiasi gani
ni Bi Shinuna.

Bakuli langu lilirudi Alhamisi.
Ndani: iliki tisa, ndimu kavu mbili,
na andazi moja, limeungua upande.
Nililila pale pale getini, na upande ule pia.

La plastiki bado liko chini ya dirisha.
Anasema halitoki mpaka apate cha kumstahiki Umm Haitham,
na asiharakishwe.