Lebo Elfu Moja

Alhamisi zamu ni yangu.
Nafungua duka nyuma ya kanisa, hapa Franeker,
napiga mlango teke kwa chini, umevimba kwa mvua,
nawasha kipasha joto nusu tu.
Nusu ndiyo tuliyokubaliana mkutanoni,
na Sjoerd huja kuchungulia kama tumedanganya.

Sabuni upande huu, kahawa upande ule,
na dirishani vikapu vya juti
vimekaa kama wageni waliowahi kufika,
hawajui waweke wapi mikono.

Novemba aliingia bwana mmoja, koti linachuruzika.
Akashika kikapu kikubwa, akatafuta bei.
"Thelathini na nne! Kule barabara kuu
nimemwona ndugu yake kwa euro tisa."
Ndugu yake!
Ningemwambia rahisi ghali.
Ningemfanyia hesabu: katika tisa toa meli,
toa ghala, toa dirisha la duka na taa zake,
inayobaki hainunui hata chumvi ya aliyesuka.
Lakini ulimi wangu huwa mzito asubuhi.
Nikamgeuzia kitako cha kikapu,
pale nyuzi zinapokutana zikafungana fundo
dogo, gumu, kama kitovu cha mtoto.
Akaligusa. Akatoka.
Nikamwona akipanda baiskeli yenye breki za kufunga kwa waya,
haya zikanishika:
huenda hata hiyo tisa hana.

Nami si malaika.
Vibanio vyangu vya nguo vinalala kwenye beseni la plastiki,
euro moja na nusu, mwaka alioumwa mume wangu Hylke.
Limepasuka mara mbili, nimelishona kwa mshipi wa kuvulia,
na likipasuka tena nitalishona tena.
Kosa likishaingia nyumbani
lizeekee humo humo, lisipelekewe samaki.

Kila kikapu kina lebo: *Jorina Bibi, Jhenaidah.*
Miaka minne nimewasomea wateja jina hilo
kama mtu anayemtambulisha mwandani wake.
Nilikwisha kumchora kichwani, kigoda, kivuli, vidole vyembamba.
Januari nikamwandikia.
Nikamweleza barafu ya mfereji,
nikalisifu fundo.

Jibu lilikuja Machi, kwa mkono wa katibu wa ushirika:

"Mama Jorina anakusalimu. Macho yake hayalioni tena fundo.
Tangu mafuriko ya mwaka juzi asukaye ni Parul, mkamwana wake,
usiku, watoto wakishalala.
Malipo anapokea Parul mwenyewe, usiwe na shaka.
Ila lebo tulichapisha elfu moja,
na kuzitupa tuliona ni israfu.
Nyinyi wenyewe hutuandikia kila mara tusitupe karatasi."

Nilicheka hadi kahawa ikanipalia.
Kisha sikucheka.
Miaka miwili nimeuza usiku wa mtu
kwa jina la mtu mwingine,
na kila siku nilifunga duka roho yangu nyeupe.

Sjoerd anasema tuagize lebo mpya.
Nimekataa.
Nimemjibu katibu: msitupe, ongezeni.
Huku stoo vimebaki vikapu thelathini na tisa,
nimeketi navyo, magoti yamegusana na kipasha joto,
kalamu inagoma kwa baridi, naisugua viganjani.
Jorina simkati. Huyo ndiye aliyefundisha.
Chini yake naandika, herufi moja moja,
*Parul*,
napuliza wino ukauke,
navuta kingine.

Cha kumi na saba, mlango ukakwaruza sakafu.
Yule bwana, koti lile lile.
Hataki kikapu.
Kile cha baiskeli yake kimefumuka kitako,
anauliza fundo lile linafungwaje.

"Sijui," nikamwambia,
"lakini nimeshamjua wa kumuuliza."
Nikasogeza sanduku akae,
nikachukua karatasi iliyoandikwa upande mmoja.