Hesabu ya Miche

Mama yangu ameuza makaa miaka kumi na tisa.
Ada yangu ya shule ilikuwa nyeusi:
mhasibu alizihesabu noti, kisha akafuta vidole.
Siwezi basi kupanda juu ya jiwe
nikahubiri kwamba makaa ni dhambi.
Mti ulikatwa, nami nikasoma.

Lakini Nyamwamba naye alisoma.
Alisoma ukingo uliovuliwa nguo,
akashuka usiku wa Alhamisi na mawe mgongoni,
akachukua jiko letu, choo cha kina Kyakimwa,
na kitanda kimoja cha zahanati.
Mgonjwa tulimpata. Kitanda bado.

Asubuhi tulikaa matopeni, vijana watano wa Kasese,
vyeti vyetu vimeanikwa kwenye waya kama soksi.
Ithungu akaokota ganda la ndizi, akalinusa.
"Hili linanuka bure kila siku," akasema.
"Kwa nini lisinuke kwa faida?"

Tukaanza hivyo, hatuna hata jina.
Maganda ya matoke tuliyaomba hotelini.
Makapi ya kahawa tuliambiwa chukueni, mtusaidie;
wiki ya pili tukaambiwa tulipe.
Kumbe uchafu ukipata mchumba
hupandishiwa mahari.

Pipa la kuchomea, uji wa muhogo wa kugandishia,
kipande cha bomba kikawa kalibu.
Gunia la kwanza lilitoa moshi
kama treni iliyokufa kabla hatujazaliwa.
La pili lilimomonyoka mikononi mwa mteja,
mbele ya watu.
La tatu Mama alilitazama, akasonya:
"Moto huzaa jivu."
Makaa hakuyataja. Alikuwa ananitazama mimi.

Mwezi wa nne, Biira alikwenda ofisi ya tarafa
kutafuta muhuri,
akakuta karatasi imebandikwa ubaoni
nyuma ya tangazo la chanjo ya mbuzi:
*Miche ya kuzuia mto, elfu mbili na mia nne.
Imepandwa. Imelipwa.*

Tukaenda kuihesabu.
Siku tatu, kamba na daftari la mistari,
Thembo akiita namba kwa sauti ya mnada.
Mia tatu na kumi na moja.
Tulirudia, tukiomba tuwe tumekosea.
Mia tatu na kumi na moja,
na mmoja ulikuwa umeliwa nusu na mbuzi
(pengine yule aliyechanjwa);
tuliuhesabu kwa hisani.

Siku ya kikao cha bajeti
soda zilikuwa za safu ya mbele.
Ithungu alisimama nyuma, karibu na mlango,
magoti yakitetemeka, sketi ikimsitiri.
Alisoma namba mbili tu, akanyamaza.
Ofisa akavua miwani:
"Nyinyi mmetumwa na nani?"

Swali hilo lina meno. Limewauma wakubwa zetu.
Ithungu akasema,
"Tumetumwa chumvi dukani, mheshimiwa.
Tukaona tupitie hapa kwanza."

Ukumbi ukaangua kicheko,
na kicheko kikafanya kazi
iliyozishinda barua zetu sita:
katibu akashika kalamu.

Kuandikwa si kupandwa, najua.
Mpaka leo imeletwa miche mia tano
na ahadi isiyo na mizizi.
Sisi tunatoa mche mmoja kwa kila gunia tunalouza,
na wiki nyingine hatuuzi gunia.
Thembo amekwenda Kampala kutafuta kibarua.
Daftari ametuachia.

Jana jioni nilimkuta Mama ameinamia sufuria,
maharage yanatokota, macho yake makavu,
hakuna moshi.
Hakugeuka.
"Haya yako yanachelewa kushika," akasema.

Nikachutama, nikazoa jivu, nikangoja.

"Kesho niwekee magunia mawili pale mezani pangu,
upande wa kushoto.
Na usiniandikie bei.
Bei naijua mwenyewe."