Maoni ya Mdadisi

Kishikwambi kinaniuliza kwanza kama nimefika.
Nimefika. Setilaiti nayo inakubali: Chamwino,
kaya namba kumi na tisa, vumbi mpaka magotini,
Oktoba imekaa juu ya paa kama deni.
"Mbukwenyi," nabisha. Mbuzi wanatangulia kuitika.

Mama Nyemo ananipa kigoda, mwenyewe anakalia kinu alichokilaza.
Nasoma kama nilivyofundishwa, bila kupandisha nyusi:
*Chanzo kikuu cha maji ya kunywa cha kaya hii ni kipi?*
Majibu kumi na moja, chagua moja.
Anaelekeza kidevu kwenye bomba la kijiji.
Koki inang'aa. Utepe wa uzinduzi bado uko shingoni mwake,
ulikuwa wa bluu, sasa una rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
"Lile ndilo letu. Andika lile."
Naandika lile. Kishikwambi kinageuka kijani.

*Kwenda, kuchota na kurudi: dakika ngapi?*
Hapo ananitazama.
"Kwenda bombani, au kwenda kwenye maji?"

Hakuna kitufe cha swali hilo.

Wale waliokaa mezani, mbali,
wenye bilauri zilizojaa na vibandiko vya majina vifuani,
waliandika *kwa wote*, nami siwacheki.
Ni maneno mazuri. Nimeyabandika ukutani kwangu Nkuhungu,
juu ya ndoo zangu tatu za mgao.
Lakini *wote* ni neno refu, na mkia wake unafika hapa,
ambako korongo ni mto wa mchanga
na mwanamke hufukua kwa bakuli mpaka bega lipotee,
kisha huketi, akisubiri mchanga utoe jasho.

"Nikishainjika kunde ndipo naondoka," anasema.
"Nikizikuta ngumu, siku hiyo ni njema.
Nikizikuta zimeiva, ni kawaida.
Jana tumekula moshi."

Kisha ananiingiza ndani nione ukuta.
Mkaa, mstari mmoja: safari ya korongoni.
Chokaa, nukta moja: siku koki ilipokohoa maji.
Mistari imepanda hadi kwenye fito, imekunja kona,
imepita nyuma ya kitanda cha mwanawe.
Nukta nilizihesabu mara mbili, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.
Kumi na moja.
Nani alikufundisha? nikauliza, swali la kijinga.
"Uchovu. Mtu akichoka husahau,
na aliyesahau huambiwa lolote."

Chini kabisa ya dodoso kuna kidirisha:
*Maoni ya mdadisi. Herufi mia na hamsini.*
Naandika ukuta wote. Kinakataa.
Naondoa kunde. Kinakataa.
Natoa korongo, natoa bega, natoa jina lake,
panabaki: *Bomba lipo. Maji siku 11. Tazameni ukuta.*
Tuma.

Mjini, msimamizi wangu, Bwana Chibehe,
aliniambia kwa upole kwamba maoni hayajumlishwi.
Kaya kumi na tisa ilikwishaingia kwenye asilimia,
na asilimia ilikwishapanda ndege.

Mwaka uliofuata mvua ilikuja na hasira, siku nne mfululizo.
Dodoso jipya likaja nyuma yake, na ndani, bila jina la mtu,
swali la arobaini na saba be:
*Katika siku saba zilizopita, maji yalitoka siku ngapi?*
Sijui nani aliliweka. Labda kulikuwa na kuta nyingine.

Nilimkuta anakandika upya. Mvua ilishusha mistari yote,
nukta zote, ikabaki nyumba isiyojua lolote.
Nikamsomea swali mara moja, taratibu,
na sauti ikanitoka vibaya.
Aliliacha donge la udongo litulie kiganjani.
"Kumbe huwa mnasikia," akasema.
Akalibandika ukutani, akalisawazisha kwa kidole gumba.
"Siku saba tu?"