Kidole cha Rezauli

Baba aliniachia athari mbili za maji,
saa moja ya falaji, kila siku ya tisa.
Nilicheka. Tanga nilikolelewa, athari
ni kile kibakiacho jambo likishapita.
Hapa Mudhairibi ni nusu saa. Hurithiwa, huuzwa,
hugombanisha ndugu wa tumbo moja.

Sikujua hata kufungua mlango wa mfereji.
Rezauli alinifundisha, kwa jiwe na gunia bovu:
mtu wa Silheti, suruali kaikunja magotini,
Kiswahili kakiokota jikoni kwetu.
"Taratibu, mama. Maji hayapendi kusukumwa."

Mwaka wa tatu bila mvua
kivuli cha kijiti kilifika kwenye alama yake,
maji hayakufika.
Wa chini wakawalaumu wa juu,
wa juu wakawalaumu wenye pampu,
wenye pampu wakainua macho mbinguni, kwa adabu.

Tukaitana sabla. Mhandisi Raiya akatandaza ramani
kati ya sahani ya halua na birika la kahawa:
mistari ya buluu, safi, haina hata jani.
Arifu Hamduni akaleta daftari la babu yake,
limeliwa na mchwa pale pale tulipopahitaji.

Nikasema, yuko mmoja aingiaye humo chini.
Kimya. Asiye na maji hana neno kwenye maji.
Rezauli, aliyekuwa akigawa vikombe,
akaweka birika chini, akasema kwa Kiswahili,
nami nikayatia Kiarabu, neno baada ya neno:
chini ya mkunazi wa tatu mzizi umepasua ukuta,
maji yanakwenda upande usio wake.
Na usiku, Bwana Humudi akiwasha pampu,
yanashuka kidole kimoja.
"Nimepima. Kidole hiki."

Humudi akatazama miguu yake mwenyewe.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Nizime saa ngapi?"

Hatukupatana siku ile.
Ijumaa tukashuka na taa, Raiya viatu mkononi,
Arifu akijaza ukurasa ulioliwa,
watoto wakibishana: kipimo ni kidole cha nani?
Arifu akashika mkono wa Rezauli,
akaulaza ukutani, akauzungushia chokaa.

Mwaka jana Rezauli kaenda kwao, hakurudi.
Mkono wake uko pale, juu kidogo ya maji.
Athari, nawaambia watoto, kwa Kiswahili cha Tanga.
Kila siku ya tisa naweka kidole changu juu ya chake.
Ni kifupi. Naongeza ukucha.