Ufa wa Muhuri

Bati lilitoka Hombolo, nyumba ya mkulima wa zabibu.
Lilipong'olewa, misumari ikaja na vyake:
chini ya kila kichwa, washa,
na kila washa ni senti kumi ya tundu,
pembe mbili za ndovu zimekumbatia shimo.
Nikampa fundi elfu mbili.
Akaniangalia kama mtu aliyenunua kivuli.

Mimi ni fundi saa, Majengo,
kibanda cha nne kutoka kwa wauza karanga.
Saa siku hizi haziji, watu wanazo ndani ya simu.
Lenzi ilikaa bure, nikaitafutia kazi.

Nikazilowesha mafuta ya alizeti juma zima,
nikazipangusa kwa pamba.
Anayesugua sarafu kwa mchanga
huchuna uso ili aone sura.
Kumi na moja zilikuwa bubu.
Ya kumi na mbili, ya mwaka hamsini na mbili, ina mshipa:
umeanzia ncha ya pembe ya kushoto,
mwembamba kama unywele wa mtoto,
ukateremka hadi kwenye tarakimu, ukachoka.

Sikupiga kelele. Nilifunga kibanda saa tano asubuhi.

Kwa asiyejua: haikupasuka sarafu.
Kilichopasuka ni muhuri, chuma kilichoipiga.
Palipo na ufa kwenye chuma, shaba hujaa, ikainuka:
donda la mzazi, mwana huzaliwa na kovu.
Na ufa haurudi nyuma. Pigo kwa pigo unarefuka,
mpaka mtu nisiyemjua, kiwandani, ng'ambo,
aseme basi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukakutana
hotelini kwa Mama Nyemo, nyuma ya stesheni.
Merina Chidawali alitoka Kongwa,
sarafu zake ndani ya kiberiti,
kila moja na shuka lake la karatasi.
Idi Kijuu wa Kondoa alichelewa,
akalaumu lori la mbaazi.
Kiti cha Mwalimu Zefania tulikiacha.
Mwezi wa tatu sasa. Hatukisemi.

Nikaiweka yangu kwenye kisahani.
Merina akainama, akanyamaza hadi chai ikapoa,
kisha akafungua kiberiti.
Yake: pembe ileile, ncha ileile,
mshipa haufiki punje ya ulezi.
Idi akasema, "Ngoja," akaanza kujipapasa,
mfuko wa shati, wa suruali, wa koti, wa shati tena.
Yake: mshipa umepita tarakimu,
umeugonga ukingo.

Tatu. Muhuri mmoja.
Ya Merina labda ilipigwa asubuhi, yangu mchana,
ya Idi mashine ikiwa imeanza kulia.
Kisha meli, kisha reli, kisha kila moja na njia yake:
moja ilinunua chumvi, moja ilitolewa sadaka,
moja ilishikilia bati miaka arobaini
na mvua zake chache.

"Tuziweke pamoja," nilisema.
"Wapi?" akauliza Merina.
"Kwangu."
Wakacheka mpaka Idi akapaliwa na andazi.
Hata mimi nisingeitoa yangu.

Basi tukazichora. Idi ana mkono mtulivu.
Merina akafungua daftari la Mwalimu,
lile alilotuletea mjane wake,
atafute ukurasa mweupe.
Akakomea kwenye ulioandikwa:
*52. Pembe ya kushoto, ufa mpana, kipande kimemeguka.
Manyoni, kwa muuza mkaa. Sikuwa na hela.*

Idi akausoma tena, kwa sauti.
Nje, mtu aliburuta ndoo.
Merina akauliza treni ya Manyoni huondoka saa ngapi,
na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Nikatoa mia tano nilipe chai.
Nyati ana pembe zake mbili; nikaigeuza,
nikaisogeza dirishani, penye mwanga,
Mama Nyemo mkono umenyooka.
"Baba, hiyo unalipa
au unaisoma?"