Hesabu ya Kumi

Kiswahili chake kinaishia kumi.
Shuleni Mawaleh ni Kiarabu, kwenye simu yangu ni Kiingereza,
na hapa, mbele ya kioo cha kabati, kabla ya basi la shule,
Mundhir anatikisa pampu ya kahawia,
anaipachika kwenye chupa ya plastiki,
anafunga midomo, anavuta,
na bibi yake anamhesabia pumzi aliyoishika:

moja, mbili, tatu
(taratibu, hufukuzwi)
nne, tano, sita, saba,
nane,
tisa,
kumi.

Kisha maji. Sukutua. Tema.
Hata siku aliyoamka buheri wa afya.
Hapo ndipo tulipokosea mwanzo:
tulidhani dawa ni ya siku ya ugonjwa,
tukaitia kwenye droo pamoja na betri na risiti
mpaka usiku ule wa vumbi.

Ilikuwa Mei. Upepo uliinua jangwa zima ukalisimamisha juu ya Seeb,
taa za barabarani zikawa viini vya mayai mabichi.
Usiku wa kuamkia Ijumaa; na Bi Ghaniya,
aliyetoka Wete na mabegi mawili na chetezo,
alikwishatia udi kwenye makaa,
akazunguka nao chumba kwa chumba, mpaka chini ya mito.
Nyumba yenye kunukia, alisema, ndiyo nyumba.

Saa nane
mtoto
ameketi kitandani,
mabega juu,
shimo la koo
linaingia
linatoka,
kifuani paka analia.
Hakuita "mama".
Neno zima
lilimshinda
bei.

Kituo cha afya. Barakoa yenye mvuke.
Muuguzi Sunitha, kwa Kiarabu chake cha kuchongachonga,
aliniuliza: Nyumbani mnachoma nini?
Nilimtazama Bi Ghaniya.
Bi Ghaniya alitazama viatu vyake.

Garini hakuna aliyesema.
Mimi ningeanzaje?
Kumwambia mtu kuwa harufu aliyovuka nayo bahari
ndiyo inayomkaba mjukuu wake,
huko ni kumwambia nini hasa?
Na wala si udi peke yake: ni vumbi, ni zulia, ni mafua ya darasani,
ni kichujio cha AC nilichokiacha tangu Ramadhani
kikaota manyoya kama panya.
Hicho changu. Sikukitaja.

Alhamisi iliyofuata nilimkuta uani, nyuma ya tangi la maji,
amechutama, chetezo mbele yake,
kanzu za Ijumaa juu ya tenga.
"Zitanukia hukuhuku," alisema bila kuniangalia.
"Ziingie zikishapoa."

Wageni nao sasa hufukizwa nje, mlango umefungwa.
Shamsa, wifi yangu, aliguna:
udi wa mlangoni, kama tunaomtoa jini?
Bi Ghaniya akamjibu: Udi wangu una miguu, unatoka.
Mapafu ya Mundhir hayana.

Sisemi yamekwisha. Pumu haihami, inalala tu,
na sisi tunajifunza kutembea kwa ncha za vidole.
Kwenye mlango wa friji kuna karatasi: kila asubuhi anapuliza kwenye kipimo,
anaandika namba kwa kalamu anayoitaka yeye.
Zikishuka siku mbili mfululizo, siulizi mtu, napiga simu kliniki.
Pampu ya buluu moja mkobani, nyingine kwa ustadhi Haitham wa michezo:
mvuto mara mbili, robo saa, ndipo mpira.
Kufungwa magoli matano ni shauri lake mwenyewe.

Na mimi? Usiku bado naamka,
nasimama kizani mlangoni kwake
nikisikiliza kitu ambacho watu wazima hawakisikii,
hewa ikiingia, hewa ikitoka,
mpaka nagundua kuwa yangu nimeizuia.

Jana, pampu mkononi, aliuliza:
Bibi, baada ya kumi kuna nini?
Nilidhani atamfundisha kumi na moja.
"Baada ya kumi," alisema, "unapumua,"
akaenda kuosha kichujio.